Mtungi Chini ya Kibanda cha Sungura

Kwa miaka mingi, kilichodondoka chini ya kibanda cha sungura kilikuwa kazi ya ufagio. Kinyesi kilizolewa na kupelekwa kwenye lundo la samadi, mkojo ukazama ardhini, na harufu ikavumiliwa. Leo, katika maboma mengi ya Kiambu, Murang'a na Nyeri, chini ya sakafu ya waya kuna bati au plastiki ngumu iliyoinamishwa, mwisho wa bati kuna mfereji mwembamba, na mwisho wa mfereji kuna mtungi wa lita 20. Lita moja ya kilichomo ndani huuzwa shilingi 100 za Kenya au zaidi, kutegemea mahali na muuzaji. Wako wafugaji wanaosema waziwazi kwamba hawafugi tena kwa ajili ya nyama.

Wamefikaje hapo? Nchini Kenya sungura alikuwa mfugo wa watoto. Wavulana walimfuga nyuma ya nyumba, na vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilimtumia kuwafundisha wanafunzi kutunza mnyama. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 akageuzwa kuwa biashara ya watu wazima. Serikali ilihimiza, vikundi vya vijana na vya akina mama vikanunua mbegu za New Zealand White, California White na Flemish Giant, na hesabu za kwenye karatasi zilipendeza mno. Jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, huzaa watoto sita, wanane au zaidi, na baada ya miezi michache watoto hao wako tayari kuchinjwa. Mlaji hakuwemo kwenye hesabu. Nyama ya sungura haikuwa na nafasi katika sufuria za familia nyingi, wala kwenye meza za nyama choma. Wanunuzi walioahidi kuja hawakuonekana, na watu wakabaki na vibanda vilivyojaa wanyama wanaohitaji kula kila asubuhi. Waliokata tamaa waliuza vibanda kama mbao. Waliobaki walianza kutafuta kitu kingine cha kuuza kutoka kwa mnyama yule yule.

Bei za mbolea ziliwasaidia. Zilianza kupanda 2021, zikapaa baada ya Urusi kuivamia Ukraini Februari 2022, na nchini Kenya mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukapita shilingi 6,000. Serikali ilileta ruzuku iliyoushusha mfuko hadi shilingi 3,500 Septemba mwaka huo, kisha 2,500 mwaka uliofuata. Tanzania nayo ilianza ruzuku yake Agosti 2022, DAP ikauzwa shilingi 70,000 za Tanzania kwa mkulima aliyesajiliwa. Lakini mwenye robo ekari na matuta mawili ya sukuma wiki si mtu wa kusajiliwa, kusafiri na kupanga foleni kwa ajili ya mfuko mmoja. Na mwaka 2024, ilipofichuka kwamba mbolea bandia ilikuwa imepenya katika mpango wa ruzuku wa Kenya, wengi walipata sababu nyingine ya kukiamini zaidi kile wanachokikinga kwa mikono yao.

Kilichomo mtungini hakina siri kubwa. Figo za sungura, kama za ng'ombe na za binadamu, huitoa nitrojeni iliyozidi mwilini ikiwa katika umbo la urea, na urea hiyo haina tofauti na ile inayouzwa kwenye mifuko. Bakteria huivunja ikawa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma pua. Udongoni, bakteria wengine huigeuza amonia kuwa naitreti, ambayo mizizi huinyonya kwa urahisi. Mkojo una potasiamu pia, pamoja na chumvi. Fosforasi ni kidogo sana, kwa kuwa kwa sungura sehemu kubwa ya fosforasi hutoka na kinyesi. Jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika: anayeacha DAP au samadi wakati wa kupanda, akitegemea mkojo peke yake, anaiacha mizizi michanga bila kile inachokihitaji zaidi siku zake za kwanza.

Sungura ana jambo lake la pekee. Wanyama wengi hufyonza kutoka kwenye chakula kiasi cha kalsiamu wanachokihitaji tu. Yeye hufyonza zaidi ya anachokihitaji, kisha ziada huitoa kwa mkojo. Ndiyo maana mkojo wake una ukungu, huacha mashapo meupe kama chokaa chini ya mtungi, na pH yake kwa kawaida iko kati ya 8 na 9. Mashapo hayo huziba pua ya bomba la kupulizia mara moja, kwa hiyo hakuna njia ya kukwepa kuchuja kwa kitambaa. Rangi nayo huwatisha wageni wa ufugaji. Mkojo wa sungura mzima wa afya unaweza kuwa wa manjano, kahawia au mwekundu kabisa kwa sababu ya rangi zinazotokana na mimea aliyokula, na wengi wamedhani ni damu.

Swali ambalo halisikiki sana kwenye mafunzo ya ufugaji ni la kiasi, na hapo ndipo mkulima mdogo anapohitaji kuambiwa ukweli. Nitrojeni haizaliwi tumboni mwa sungura. Inatoka kwenye majani, nyasi na chakula cha dukani anacholishwa. Tumchukue sungura wa kilo nne anayekula gramu 150 za chakula chenye protini asilimia 16 kwa siku. Hizo ni gramu 24 za protini, na kwa kuwa nitrojeni ni kama asilimia 16 ya protini, anameza karibu gramu nne za nitrojeni. Sehemu hubaki mwilini, sehemu hutoka na kinyesi. Tukikadiria kwamba nusu hutoka kwa mkojo, ni gramu mbili kwa siku. Sungura kumi watatoa gramu 20. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una nitrojeni karibu kilo 13. Sungura hao kumi watahitaji siku 650, karibu mwaka mmoja na miezi tisa, ili kuufikia mfuko mmoja tu, tena bila tone kumwagika wala amonia kupotea hewani. Anayelisha majani ya viazi vitamu na mashona nguo peke yake atapata pungufu ya hapo.

Kwa hiyo ekari tano za mahindi hazitalishwa na mtungi. Anayemwambia mkulima wa Trans Nzoia au wa Mbozi aachane na mbolea ya dukani kwa sababu ana vibanda viwili vya sungura anamtakia njaa.

Igeuzwe sasa hesabu hiyo hiyo kuelekea bustani ya nyumbani, na picha inabadilika kabisa. Mboga za majani zikipewa gramu kumi za nitrojeni kwa kila mita mraba katika msimu mmoja hustawi vizuri. Kwa siku 90, sungura kumi hutoa gramu 1,800. Hata nusu yake ikipotea njiani, zinabaki gramu 900, za kutosha bustani ya mita tisa kwa mita kumi. Katika eneo hilo familia inaweza kuvuna sukuma wiki, mchicha, mnavu na spinachi kwa miezi, na kuuzia majirani mafungu machache. Hiyo ni faida ya kweli, na imetoka kwenye kitu kilichokuwa kikizama ardhini bure. Wakulima wa mboga katika nyanda za juu za Java, huko Indonesia, nao wanautumia mkojo wa sungura kwa namna hiyo hiyo: mashamba madogo, mboga nyingi, na wanyama karibu na nyumba.

Kununua ni habari nyingine. Lita moja ya mkojo, kwa kukadiria, huenda isizidi gramu kumi za nitrojeni. Kwa shilingi 100 zile zile, hata mfuko wa CAN ukiuzwa 4,000 bila ruzuku yoyote, mkulima anapata zaidi ya gramu 300. Mtu anayesafiri kwenda kununua mtungi wa mkojo kama mbolea anailipia nitrojeni mara thelathini na zaidi. Wengi wanaonunua, basi, hawanunui mbolea. Wanaununua kama dawa ya wadudu, na habari hiyo inahitaji kuangaliwa peke yake.

Kabla ya hapo, kibanda. Kuukinga mkojo humfaa sungura hata kabla haujamfaa mmea. Amonia inayorundikana kwenye sakafu chafu huchubua njia za hewa za mnyama, na bakteria aitwaye Pasteurella hupata mlango: sungura hupiga chafya, makamasi humtoka, nyayo za mbele zinalowa kwa kujipangusa pua, na mfugaji anaanza kuhesabu hasara. Sakafu ya waya yenye matundu ya kupitisha kinyesi, bati lililoinama vya kutosha, na mfereji unaooshwa mara kwa mara hupunguza tatizo hilo sana. Wanyama wazito kama Flemish Giant wawekewe kipande cha ubao cha kupumzikia, kwani waya huwatoboa nyayo na kuwaletea vidonda.

Kinyesi kisiachwe kikaogelea kwenye mfereji. Wavu mdogo uliowekwa kwa mwinamo juu ya bati huviringisha vidonge vya kinyesi upande mmoja na kuuacha mkojo upite. Vidonge hivyo ni mali pia. Vina fosforasi ambayo ni haba kwenye mkojo, na vikiozeshwa kwenye mboji huijenga ardhi kwa namna ambayo kimiminika hakiwezi. Mfugaji anayeuthamini mkojo na kutupa kinyesi ameshika nusu ya mali yake.

Mtungi ufungwe. Ukiachwa wazi, amonia hupaa, na kinachopaa ndicho kilichokusudiwa kumlisha mmea. Wafugaji wengi huuweka kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kuutumia, na baadhi huongeza molasi ili uchachuke. Kuchachusha kunabadilisha harufu na kuivunja urea, lakini hakuongezi nitrojeni hata gramu moja, licha ya maneno yanayosemwa na wanaouza chupa zilizochachushwa kwa bei ya juu.

Wakati wa kuutumia, hatari kubwa ni ukali wake. Amonia na chumvi huunguza majani na mizizi, na miche ya kitaluni haifai kuguswa nao kabisa. Wakulima hawakubaliani juu ya vipimo. Wapo wanaochanganya lita moja na lita tano za maji, wapo wanaofika ishirini, na kila mmoja ana sababu, kwa kuwa mkojo wa mnyama anayekunywa maji mengi si sawa na wa yule anayelishwa chakula kikavu. Anayeanza atakuwa salama zaidi akichanganya lita moja ya mkojo na lita kumi za maji kwa kumwagilia udongoni, au ishirini kwa kupulizia majani, kisha ajaribu mimea michache na kuitazama siku mbili tatu. Ncha za majani zikikauka na kuwa kahawia, maji yaongezwe.

Kumwagilia udongoni kuna faida kuliko kupulizia, ingawa bomba la mgongoni ndilo linalopendwa kwa sababu matokeo yake huonekana haraka. Mkojo umwagwe jioni, kwenye udongo wenye unyevu, kando ya shina na si juu yake, kisha ufunikwe kwa udongo kidogo au matandazo. Jua kali na upepo huichukua amonia kabla mizizi haijaipata. Sukuma wiki, kabichi, mchicha na migomba huipenda nitrojeni. Maharage na kunde hujipatia sehemu ya nitrojeni yao mizizini, kwa hiyo mahitaji yao ni madogo. Nyanya zilizozidishiwa hutoa majani mapana na matunda haba, na mkulima hulalamika mbegu ilikuwa mbovu.

Sasa wadudu. Madai ni mengi: mkojo unafukuza vidukari, nzi weupe, utitiri na vithiripi, unaua viwavijeshi vamizi, unawatoa fuko mashimoni. Hamu ya kuyaamini inaeleweka. Kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya, aliingia Kenya na Tanzania mwaka 2014 akaliangamiza zao hilo, viwavijeshi vamizi wakafuata 2017 wakala mahindi, na dawa za viwandani ni ghali, nyingine zimezoeleka kwa wadudu, nyingine huwadhuru wanaozipulizia bila glavu wala barakoa. Tena matumizi ya mkojo dhidi ya wadudu si mageni. Wakulima wa maharage wa Hai, mkoani Kilimanjaro, wametumia mkojo wa ng'ombe kwa miaka mingi.

Sehemu ya madai hayo ina mashiko. Harufu ya amonia huwasumbua wadudu wengi kwa muda, na kimiminika chenye chumvi na ualkali kikimgusa mdudu mwenye ngozi laini kama kidukari kinaweza kumdhuru. Lakini amonia haikai. Baada ya siku chache, au mvua moja, harufu imekwisha na kazi inaanza upya. Kiwavijeshi hukaa ndani ya moyo wa mmea wa mahindi, amejifunika kwa kinyesi chake, na kantangaze hujichimbia kati ya tabaka mbili za jani. Kilichopuliziwa juu hakiwafikii. Halafu kuna jambo linaloumiza zaidi: vidukari huipenda mimea iliyoshiba nitrojeni, yenye majani laini na utomvu mwingi. Anayepulizia kila wiki kwa nia ya kuwafukuza anaweza kuwa anawaandalia karamu. Ukaguzi wa shamba kila siku chache, kuokota viwavi kwa mkono, kupanda kwa kupokezana na kuondoa masalia ya mazao bado ndiyo kinga ya kutegemewa, na mkojo ukae pembeni kama msaidizi.

Kuhusu afya ya mlaji, tahadhari inazungumzwa kidogo mno. Mkojo unaotoka kwenye kibanda umegusana na kinyesi, na kinyesi kinaweza kubeba bakteria wanaosababisha watu kuharisha. Ndani ya mkojo wenyewe, sungura walioambukizwa hutoa vijidudu viitwavyo Encephalitozoon cuniculi, ambavyo huweza kumdhuru mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili. Glavu, viatu vilivyofunika miguu na kunawa kwa sabuni ni lazima, na watoto wasitumwe kubeba mtungi. Kuuhifadhi muda mrefu husaidia pia, kwa kuwa amonia na ualkali huua vijidudu vingi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006, inayohusu mkojo wa binadamu, inapendekeza uhifadhiwe miezi sita katika joto la nyuzi 20 au zaidi kabla ya kutumika kwa mazao yote. Mkojo wa sungura haumo katika miongozo hiyo, lakini anayelima dhania, saladi au nyanya za kachumbari, vitu vinavyoliwa vibichi, ana kila sababu ya kuumwagia udongoni tu na kuacha kabisa wiki kadhaa kabla ya kuvuna. Sukuma wiki hupikwa, hatari yake ni ndogo, lakini hata hapo majani yaliyopuliziwa jana hayafai kuchumwa leo.

Dawa za mifugo nazo hupita. Sungura anayetibiwa koksidia kwa dawa za salfa, au aliyechomwa sindano ya utitiri na minyoo, hutoa sehemu ya dawa hiyo kwa mkojo au kinyesi. Mtungi uondolewe kwa kipindi chote cha matibabu na siku kadhaa baadaye. Ni jambo dogo ambalo likizingatiwa linalinda hata jina la mfugaji sokoni.

Sheria ziko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kumwaga mkojo wa sungura wako kwenye matuta yako hakuhitaji kibali cha mtu. Kuutia kwenye chupa, kuubandika lebo ya mbolea au kiuatilifu na kuuza ni jambo jingine. Nchini Kenya viuatilifu husajiliwa na bodi ya kudhibiti bidhaa za kuangamiza wadudu, PCPB. Tanzania, mbolea ziko chini ya mamlaka ya udhibiti wa mbolea, TFRA, na viuatilifu chini ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Usajili una gharama na unachukua muda, na wafugaji wadogo wana haki ya kulalamika kwamba hauwafikirii watu wenye mitungi mitatu. Vyama vya ushirika vingeweza kubeba mzigo huo kwa pamoja, na maafisa ugani wangeweza kupima nitrojeni ya mitungi ya wanachama na kuwaambia walicho nacho. Mkulima anayetaka alama ya Kilimohai, inayotokana na kanuni za kilimo hai za Afrika Mashariki za mwaka 2007, naye atahitaji kuonyesha alikotoa kila alichoweka shambani.

Hadi hapo, anayenunua mtungi kwa jirani ana maswali ya kuuliza langoni kabla ya kutoa pesa: sungura wanalishwa nini, mara ya mwisho walipewa dawa lini, mkojo ulikingwa lini na ulifungwa vipi, na umechanganywa na maji kiasi gani. Mfugaji mwaminifu ana majibu, na wengi sasa huyaandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni mwa mtungi, pamoja na tarehe.